Nimezizima programu zinazojiwasha kompyuta ikiwaka, moja inarudi kila mara. Inapitia mlango gani?

#1 KasukuMweupe
Wakuu habarini. Kama kichwa kinavyojieleza. Nina kompyuta ya mezani, Windows 10, RAM GB 8, hadi diski ile ya kuzunguka, siyo SSD. Zamani nilikuwa nikiwasha naingia naanza kazi. Siku hizi nikishaweka paswedi dekstopu inakuja vizuri, picha ipo, aikoni zipo, ila ukibofya kitu hakijibu, mausi inatembea tu na kale kaduara kanazunguka, taa ya diski imeganda haipepesi, halafu zinaanza kuibuka moja moja: ya kupiga simu za video inauliza kama nataka kuingia, inafuata ya muziki, ya kutunza mafaili mtandaoni, ya printa inaniambia wino umepungua wakati sijaprinti chochote wiki mbili, na mwisho kabisa ile ya magemu inafunguka skrini nzima na matangazo yake. Sijaiita hata moja.

Juzi nimepima kwa saa ya simu, toka nilipobonyeza Enter ya paswedi mpaka brauza ilipokubali kufunguka ni dakika 4 na sekunde 10.

Sasa nimeshazizima zote. Nne zimetulia. Hii ya magemu inakaa siku mbili tatu halafu inarudi kana kwamba sijawahi kuigusa. Kuifuta sitaki, naicheza wikiendi. Swali, inapitia wapi? Na je huku kuzimazima ndo kunaharakisha kweli au najifariji tu? Nawasilisha.

#2 MtotoWaMwisho
Natia nanga hapa. Yangu nayo ni hivyohivyo.

#3 Bisibisi77
Mkuu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja inafunguka Task Manager. Ikija kadirisha kadogo bofya "More details" pale chini, halafu nenda kichupo cha Startup. Bofya kulia kwenye ile usiyoitaka, chagua "Disable", kazi imeisha. Hapo hujaifuta, siku ukiitaka unaifungua mwenyewe. Kama Windows 10 yako ni ya kuanzia 2018 kuja huku unaweza pia kupita Settings, Apps, Startup, kuna viswichi vya kuwasha na kuzima, hata mtu asiye na mazoea anaviweza.

#4 KasukuMweupe
Bisibisi77 asante ila rudi juu kidogo mkuu, hapo ndo nilikozizimia. Inarudi.

#5 MzeeWaDiskete
Vijana mnahangaika. Windows na R, andika msconfig, Enter, kichupo cha Startup, toa tiki, restati. Nimeitumia hiyo tangu Windows 98 na haijawahi kuniangusha.

#6 Bisibisi77
Mzee wangu shikamoo, ila hiyo ilikuwa mpaka Windows 7. Kuanzia Windows 8, 2012 hiyo, ukifungua msconfig kwenye kichupo cha Startup unakuta kiungo tu kinachokupeleka Task Manager. Orodha yenyewe ilishahamishwa.

#7 MzeeWaDiskete
Marahaba. Nimefungua sasa hivi kwenye mashine nyingine nimeona, uko sahihi. Hii mashine ninayotumia kila siku ni ya Windows 7 bado ndo maana sikujua. Lakini sevisi, zile programu za nyuma ya pazia zisizo na dirisha, bado ziko mle msconfig, hizo hazijahama, na mimi nasema huyo wa magemu ana sevisi. Kasuku nenda kichupo cha Services ukaangalie.

#8 Nyuki_Mkimya
Mnazunguka mbuyu jamani. Ingia ndani ya hiyo programu yenyewe, mipangilio yake, tafuta pale panaposema ianze pamoja na kompyuta, toa tiki, hifadhi. Ukiizima kwa nje bila kuizima kwa ndani, yenyewe bado inajua imeruhusiwa, kwahiyo ikijiapdeti inaangalia mipangilio yake, inakuta "ndiyo", inajiandika upya. Ndo maana anasema siku mbili tatu, ni siku za apdeti hizo. Mimi ya mazungumzo ya kazini ilinisumbua miezi hivyohivyo mpaka nilipoitoa tiki kwa ndani.

#9 Kichuguu
Nyuki_Mkimya uko karibu ila siyo kwa sababu hiyo. Ukibofya "Disable" kwenye Task Manager, Windows haifuti mstari wa programu. Mstari unabaki palepale kwenye rejistri, lile daftari la ndani la mipangilio ya Windows, HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Run. Kinachobadilika kipo folda nyingine inaitwa StartupApproved, humo kuna jina lilelile na namba ndefu pembeni, ikianza na 02 imeruhusiwa, ikianza na 03 imezimwa. Kwahiyo programu ikijiandika upya kwa jina lilelile hata mara 100 bado inakuta 03 inamsubiri na haiwaki. Ili irudi ni lazima ijiandike kwa jina JIPYA, ambalo StartupApproved haina habari nalo. Apdeti nyingine zinafanya hivyo, wanabadilisha jina kidogo tu, wanaongeza neno au namba ya toleo.

#10 MtotoWaMwisho
Kichuguu mimi hapo kwenye 02 na 03 umeniacha njiani mkuu.

#11 Kichuguu
Chukulia getini kuna orodha mbili. Moja imeandikwa majina ya wote wanaoomba kuingia asubuhi. Nyingine anayo mlinzi mfukoni, imeandikwa waliokatazwa. Task Manager inaandika kwenye ile ya mfukoni, ya kwanza haiigusi. Mtu akija na jina lake anarudishwa, akija na jina lingine anapita maana kwenye karatasi ya mlinzi hayumo.

#12 MtotoWaMwisho
Hapo sawa nimeelewa, asante.

#13 Nyuki_Mkimya
Maelezo mazuri ila mimi nilivyotoa tiki kwa ndani iliacha kurudi, hiyo nayo uieleze.

#14 Kichuguu
Kwa sababu ukitoa kwa ndani, programu yenyewe inafuta jina lake kwenye orodha ya kwanza na haiji tena na jina lolote. Sijasema njia yako haifanyi kazi, nasema sababu uliyoitoa siyo.

#15 Fulana_ya_Kijani
Wote mmeisahau Task Scheduler. Windows na R, andika taskschd.msc. Upande wa kushoto fungua maktaba yake, katikati zitakuja kazi zilizopangwa, angalia safu ya Triggers. Yoyote iliyoandikwa inaanza mtu akiingia, hiyo haionekani kabisa Task Manager kwenye Startup, wala kwenye Settings, wala kwenye Run anayoisema Kichuguu. Nimewahi kuwinda programu ya kurekodi skrini wiki nzima, nimepekua kila mahali, kumbe imejipangia kazi mle. Siyo kosa la kitaalamu, ni njia halali kabisa, maana programu inayotaka haki za msimamizi ikipitia huko haiulizi yes au no kila ukiwasha, ndo maana wanaipenda.

#16 DadaWaKibodi
Naomba niwatahadharishe wanaokuja kusoma huu uzi na kuzima zote kwa mpigo. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana. Kila kitu kilikuwa kizuri, mashine ilikuwa nyepesi, nikafurahi. Siku ya tatu nina kikao cha mtandaoni nachomeka hedifoni zenye maiki, kale kadirisha ka kuuliza umechomeka hedifoni au spika au maiki hakaji. Wananiona nafungua mdomo hawasikii kitu. Nimechomoa nimechomeka, nimerestati katikati ya kikao, nimeinstoo draiva upya, hakuna. Jioni ndo nakuja kukumbuka kuna moja ilikuwa imeandikwa kwa herufi za ajabuajabu tu na mimi nikaona haina maana nikaizima, kumbe ndo ya sauti. Nikairudisha, nikarestati, kadirisha kakaja. Kwahiyo zima moja, kaa nayo siku mbili, ndo uzime nyingine. Na ukizima andika pembeni kwenye karatasi umezima ipi na lini.

#17 Bisibisi77
DadaWaKibodi pole, na hiyo ya karatasi ni ushauri mkubwa. Niongeze, ukikuta jina hulijui bofya kulia, "Search online", au "Open file location" ikuoneshe faili linakaa folda gani. Ya sauti, ya touchpad kwa wenye laptopu, ya kadi ya picha, hizo usiguse kama huna hakika. Antivairasi usiguse kabisa. Ile ya ngao iliyoandikwa Windows Security ukiizima unachoondoa ni kale ka-aikoni kwenye kona, ulinzi wenyewe unaendelea maana ni sevisi, kwahiyo hujapunguza uzito wowote wa maana na umejinyima kuona onyo likija.

#18 NgomaNzito
MzeeWaDiskete amesema msconfig kichupo cha Services, ni kweli, ila mzee umesahau kuwaambia watu jambo moja na hilo jambo lilinitoa jasho. Kabla hujagusa chochote mle TIKI KWANZA pale chini "Hide all Microsoft services". Mimi sikutiki. Nikabofya "Disable all", nikarestati kwa roho safi. Ilipowaka naweka PIN inaniambia PIN haipatikani, kuna kitu kimetokea. Intaneti hakuna. Paswedi yenyewe nilishaisahau maana nina miaka natumia PIN. Nilikaa mbele ya ile skrini nusu saa naangalia tu. Kilichoniokoa, pale kwenye skrini ya kuingilia nikashika Shift nikabofya Restart, ikaja menyu ya bluu, nikapita Troubleshoot mpaka safe mode ya intaneti, humo nikaweza kubadilisha paswedi na kuingia, nikafungua msconfig nikarudisha Normal startup. Mchana mzima umekwenda.

#19 MzeeWaDiskete
NgomaNzito samahani sana, ni kweli nilipaswa kusema. Wengine wote someni #18 kabla ya kufuata #7.

#20 TaaNyekundu
Mimi naona mnazionea programu bure, mchawi ni hiyo diski. KasukuMweupe amesema mwenyewe taa imeganda. Hadi diski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika inachukua kama milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, bado kichwa chake nacho kihame kutoka eneo moja kwenda lingine, kwahiyo mafaili madogo yaliyotawanyika unapata kusoma 80 mpaka 100 hivi kwa sekunde, basi. Sasa programu tano zinawaka kwa wakati mmoja kila moja ina mamia ya vifaili, kichwa kinarukaruka kama panzi. SSD hata ile ya SATA ya kawaida inasoma maelfu kwa maelfu kwa sekunde hiyohiyo kwa sababu haina kichwa cha kuhamisha. Weka SSD, utaacha kuzihesabu hizo programu.

#21 Fulana_ya_Kijani
TaaNyekundu hapo umemwambia anunue badala ya kumjibu. Kauliza inapitia wapi.

#22 TaaNyekundu
Kauliza pia kama kuzima kunaharakisha. Soma swali la mwisho la #1.

#23 Shoka_Butu
Mimi nina SSD na bado mashine ilikuwa nzito asubuhi, kwahiyo siyo diski peke yake. Yangu ilikuwa RAM. Kila inayojiwasha inakaa kwenye RAM hata ukiifunga dirisha, imejificha kona ya chini karibu na saa, bofya kamshale utaiona. Nilipohesabu nilikuta 11. Nikibaki na mbili, brauza inapumua.

Halafu msidanganywe na ile safu ya "Startup impact". Watu wanaona "High" wanaogopa. Vipimo vyake ni hivi: ikitumia prosesa zaidi ya sekunde 1 au ikasoma na kuandika diski zaidi ya MB 3 wakati wa kuwaka inaitwa High. Chini ya milisekunde 300 na chini ya KB 300 ni Low. Katikati ni Medium. Sasa MB 3 kwa programu za siku hizi ni nini? Karibu kila kitu ni High. Bofya kulia pale juu kwenye vichwa vya safu, washa "Disk I/O at startup" na "CPU at startup", hapo ndo utaona namba zenyewe na utajua yupi mzigo kweli. Mimi niliyekuwa namuogopa alikuwa na MB 4, na ambaye sikumjali alikuwa anakula MB 90 na zaidi.

#24 MtotoWaMwisho
Yangu moja imeandikwa "Not measured", ni mbaya?

#25 Shoka_Butu
Hapana, ni mpya tu, haijapimwa. Washa mara moja mbili utaona.

#26 Zamu_ya_Usiku
Kuna kitu hakijaguswa. Watu wengi wanasema "nimeizima kompyuta nikaiwasha bado ile kitu ipo". Toka Windows 8, ukibofya Shut down na Fast Startup imewashwa, Windows haizimi yote, sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys na kesho inapakiwa ilivyokuwa. Restart ndo inaanza upya kabisa. Nenda Task Manager, Performance, CPU, angalia "Up time". Mimi nilikuwa nazima kila jioni na nilikuta siku 23. Kwahiyo ukibadilisha mambo ya sevisi na draiva, jaribu kwa Restart, usijaribu kwa Shut down.

Na cha pili, Settings, Accounts, Sign-in options, kuna swichi ya "Restart apps". Ikiwa imewashwa, programu zinazokubali zilizokuwa wazi wakati unatoka zitafunguliwa tena ukiingia. Hiyo haionekani kwenye orodha yoyote ya Startup. KasukuMweupe hakikisha hiyo, inawezekana siku ambazo gemu inarudi ni siku ambazo uliiacha wazi jana yake.

#27 Nyuki_Mkimya
Hiyo nayo inaingia akilini kabisa.

#28 PengwiniMtembezi
Hamieni Linux jamani, huku hakuna programu inayojiingiza bila ruhusa yako.

#29 Bisibisi77
Nilikuwa nahesabu, Pengwini umechelewa leo, kawaida unafika posti ya kumi. Karibu.

#30 Kichuguu
Pengwini hiyo "hakuna" siyo kweli mkuu. Kuna ~/.config/autostart na kuna /etc/xdg/autostart, programu ikiinstoo inaweza kuweka faili lake la .desktop humo bila kukuuliza.

#31 PengwiniMtembezi
Kichuguu nimekubali, nimesema kwa mkato. Ila tofauti ninayoisema ni kwamba ni vifaili vya maandishi, unavifungua unavisoma unaona kinaita nini. Huitaki, unanakili faili lile kwenda ~/.config/autostart yako unaongeza mstari Hidden=true, imekwisha, na apdeti ikibadilisha la /etc lako linabaki ndo linalosikilizwa. Sevisi ni systemctl disable, na ikiwa kichwa ngumu inaitwa na nyingine basi systemctl mask, hiyo haiwaki hata iitwe na nani. Na ukitaka kujua nani anachelewesha kuna systemd-analyze blame.

#32 Zamu_ya_Usiku
Kwenye blame muwe waangalifu, zinawaka sambamba, iliyo juu kabisa na sekunde nyingi siyo lazima iwe imemchelewesha mtu. Angalia critical-chain, hiyo inakuonesha nani alimsubiri nani.

#33 Tufaha_Bivu
Na wenye Mac msitusahau. Kuanzia Ventura ya 2022 ni System Settings, General, Login Items, huko juu zipo zinazofunguka na chini yake kuna zinazoruhusiwa kufanya kazi kichinichini, kila moja na swichi yake. Kabla ya hapo ilikuwa Users & Groups na zile za kichinichini ulikuwa huzioni, mpaka ukapekue LaunchAgents na LaunchDaemons ndani ya Library. Mimi nilikuta mabaki ya programu niliyoifuta miaka miwili nyuma bado yanaitwa kila ninapoingia.

#34 Mchanga_Mwekundu
Samahani kutoka nje kidogo. Kwangu Startup kuna moja imeandikwa "Program" tu. Haina aikoni, haina mtengenezaji, nikibofya kulia "Open file location" ni ya kijivu haibofyeki. Kuna jamaa kaniambia ni kirusi nifomati. Nina picha za mtoto humu zote, naogopa.

#35 Kichuguu
Usifomati. Bofya kulia kwenye vichwa vya safu washa "Command line". Itakuonesha anwani kamili inayoitwa. Niambie imeandika nini.

#36 Mchanga_Mwekundu
Imeandika C:\Program Files halafu jina la programu ya kusoma PDF niliyoiondoa zamani.

#37 Kichuguu
Basi ndo hiyo. Anwani imeandikwa bila alama za kunukuu, na katikati ya Program na Files kuna nafasi, faili lenyewe halipo tena, kwahiyo Windows imesoma mpaka kwenye nafasi ikaona jina ni "Program" ikaishia hapo. Ni mabaki, hakiwaki chochote. Izime na uiache. Ila picha za mtoto zinakili mahali pa pili leoleo, hilo halihusiani na kirusi.

#38 Mchanga_Mwekundu
Mungu akubariki. Nanakili sasa hivi.

#39 Fulana_ya_Kijani
Kwa wanaotaka kuona milango yote kwa mara moja kuna Autoruns ya Sysinternals, hao walikuwa kina Mark Russinovich na Bryce Cogswell, Microsoft ikawanunua 2006, ni bure na haihitaji kuinstoo. Inakuletea Run, Task Scheduler, sevisi, draiva, viongezi, kila kitu kwenye orodha moja. Ukifungua washa kwanza "Hide Microsoft Entries" maana orodha yake inatisha. Za njano ni zile ambazo faili lake halipo, kama ya Mchanga_Mwekundu. Za waridi hazina sahihi inayothibitishwa ya mtengenezaji, siyo lazima ziwe mbaya ila zitazame mara mbili.

#40 Kichuguu
Ongeza na tahadhari. Autoruns ukitoa tiki inafanya tofauti na Task Manager, yenyewe inauondoa mstari kwenye Run inauhamishia folda ya AutorunsDisabled. Sasa programu inayojikagua ikifunguka inaona jina lake halipo kwenye orodha, inajiandika upya. Unatoa tiki leo, kesho unakuta ziko mbili, moja imezimwa na nyingine hai. Kwa programu korofi mimi naiacha 03 ya Task Manager ifanye kazi, siugusi mstari.

#41 Nyuki_Mkimya
Kwahiyo sasa umekubali kuna zinazojikagua na kujiandika, ndo nilichosema #8.

#42 Kichuguu
Kujiandika nilikubali toka #9. Kurudi ndo tulipotofautiana.

#43 KasukuMweupe
Wakuu nimerudi, nimesoma yote na nimefanya kwa zamu kama DadaWaKibodi alivyoshauri, ndo maana zimepita siku.

Muda: baada ya kuzima nne za kwanza na kuwasha kwa Restart nimepima tena, dakika 1 na sekunde 50. Kutoka 4 na 10. Kwahiyo TaaNyekundu SSD nitaweka Mungu akipenda, lakini siyo kweli kwamba programu zinaonewa.

"Restart apps" ilikuwa imezimwa toka mwanzo, kwahiyo Zamu_ya_Usiku siyo hiyo. Tiki ya ndani nimetoa, nilikuta imewashwa kweli. Msconfig nimeficha za Microsoft kwanza, nimekuta sevisi moja ya hao watu wa magemu, ipo Manual siyo Automatic. Task Scheduler nimekuta kazi mbili za kwao, zote za kuapdeti, moja inaanza mtu yeyote akiingia, nyingine kila siku mchana. Nimeizima ya kwanza tu.

Siku nne kimya. Leo asubuhi imerudi, skrini nzima.

#44 Fulana_ya_Kijani
Ile ya mchana! Umeiacha ile ya mchana, ndo imeapdeti na imeirudisha mwenzake. Angalia ya kwanza bado imezimwa au imekuwa "Ready".

#45 MzeeWaDiskete
Na hiyo sevisi ya Manual isikudanganye mwanangu, Manual maana yake haiwaki yenyewe, ila mwingine akiiita inawaka. Kazi ya mchana inaiita sevisi, sevisi ndo inaandika.

#46 Kichuguu
Kabla hujazima kitu kingine fungua regedit, ndo inayoonesha rejistri, USIFUTE chochote, tazama tu Run na StartupApproved utuandikie majina yaliyomo kama yalivyo, herufi kubwa na ndogo.

#47 KasukuMweupe
Task Scheduler ya kwanza bado "Disabled". Kwenye Run sasa kuna majina mawili ya gemu, la zamani na lingine lilelile lenye neno Helper mwishoni. StartupApproved la zamani linaanza na 03, hili la Helper linaanza na 02.

#48 Kichuguu
Jina jipya. Hilo ndo nililolisema #9.

#49 Nyuki_Mkimya
Na tiki ya ndani ikoje? Ifungue utazame, maana kama apdeti imeirudisha tiki basi jina jipya ni matokeo tu, chanzo ni tiki.

#50 KasukuMweupe
Nimefungua. Tiki imerudi.

#51 Fulana_ya_Kijani
Na nani kaleta apdeti kama siyo kazi ya mchana?

#52 KasukuMweupe
Nimeizima Helper kwa Task Manager, tiki nimetoa tena, ya mchana kwa leo naiacha makusudi ila nimebofya "Enable All Tasks History" ili nione saa ngapi imefanya nini, kumbe kwa kawaida historia imezimwa. Kila siku nitapiga picha Run na StartupApproved kabla ya kulala na nikiamka. Ikirudi nawawekea hapa saa na dakika.

#53 MtotoWaMwisho
Nami nimewasha hiyo historia, yangu ya muziki imeanza tabia hiyohiyo leo. Nipo hapa.